Kwikwi ya Corolla

"Gari lako lina kwikwi," aliniambia mke wangu tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, mvua ya Aprili ikipiga kioo na waipa ya kushoto ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikajifanya sijasikia. Nilikuwa nimesikia tangu Jumamosi. Ila sisi wenye magari ya zamani tuna tabia moja: ugonjwa haupo mpaka mtu mwingine autaje.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1997, bodi ya AE110, ile ambayo Dar nzima inaiita "wan teni". Injini yake ni 5A-FE: silinda nne, valvu 16, ujazo wa cc 1,498. Cheche inagawiwa na distributa kupitia nyaya nne nene za plagi, mpango ambao magari ya sasa yameachana nao. Siku hizi kila plagi inavaa koili yake, yaani kile kinachozalisha umeme wa cheche, kichwani. Mimi ni mmiliki wa nne kwenye kadi, na kwa hali ya siti nadhani wa pili alikuwa anafuga kuku.

Kwikwi hiyo mafundi wanaiita misi. "Gari inamisi." Silinda moja inapata zamu yake na haiwaki, au inawaka nusunusu. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, tuseme mizunguko 750 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 375 kwa dakika. Zidisha kwa nne upate cheche 1,500, ambazo ni 25 kwa kila sekunde. Sikio haliwezi kuzitenganisha, linasikia mngurumo mmoja tu. Silinda moja ikigoma ndipo sikio linaanza kuhesabu lenyewe bila kuombwa: dum-dum-dum, kimya, dum-dum-dum, kimya. Usukani unatetemeka. Kioo cha ndani kinakuonyesha daladala mbili nyuma yako wakati iko moja. Na ukianza kupanda mwinuko wa Kimara gari linakosa pumzi, linajivutavuta, mpaka bodaboda aliyebeba magodoro anakupita na kukuangalia kwa huruma.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimepeleka gari kuoshwa. Kijana mwenye mpira wa maji ya presha akaniuliza, "Boss, na injini tuipige?" Nikasema ipige. Ilitoka inang'aa. Ikawaka, ikatembea mita mia, ikaanza.

Jumatatu nilipita gereji ya mtaani. Fundi alifungua boneti, akasikiliza kwa sekunde kumi, akafunga. "Hii inamisi, kaka. Plagi, waya za plagi, pampu ya mafuta, na nozeli zisafishwe. Laki tatu na nusu, tukianza saa hizi jioni unaondoka nayo."

"Kati ya hizo, mbovu ni ipi?"

"Tukishabadilisha zote itajulikana."

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Wala simlaumu sana. Sisi wateja tunalipia kilichofungwa, hatulipii kilichofikiriwa. Fundi akikaa saa mbili akichunguza kisha akwambie tatizo ni mpira wa shilingi elfu tano, utamlipa hiyo elfu tano na elfu kumi ya soda, halafu utaona kama amekuibia. Kwa hiyo anauza vifaa. Mimi sikuwa na laki tatu na nusu, nilikuwa na jioni. Nikaenda zangu nyumbani.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhitaji hata spana. Nilichukua kipande cha gazeti nikakishika karibu na mdomo wa ekzosi injini ikiwa inanguruma. Injini nzima hukipuliza kwa pumzi zinazolingana. Changu kilipigwa, kikapigwa, kikapigwa, kikalegea. Watu wa gereji husema karatasi ikivutwa kurudi ndani ya bomba, shuku valvu iliyoungua. Yangu ililegea tu, haikuvutwa. Na moshi ulikuwa unanuka petroli mbichi, maana yake mafuta yalikuwa yanafika kwenye silinda na kutoka kama yalivyoingia. Hapo pampu ya mafuta nikaifuta kwenye orodha ya fundi. Pampu ni moja na inawalisha wote wanne. Ikiumwa, wanaumwa wote. Sikuona kwa nini iwape chakula watatu imnyime mmoja.

Halafu nikaiuliza kompyuta. Magari haya yana kiboksi cheusi kwenye chumba cha injini kilichoandikwa DIAGNOSTIC kwenye mfuniko. Ndani kuna matundu yenye majina. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini inaanza kupepesa. Kama kuna kosa lililoandikwa, inapepesa kwa tarakimu: mbili, inapumzika, moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni, mbili na mbili ni sensa ya joto la maji, 31 ni ile inayopima presha ya hewa kwenye manifoldi. Yangu ilipepesa kwa mwendo mmoja bila kupumzika, kama indiketa ya mtu aliyesahau kuizima. Maana yake: sina la kusema.

Haikuwa inadanganya. Haijui tu. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yalilazimika kuwa na mfumo wa OBD-II, ambao unafuatilia kasi ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na kuhisi pale inapopungua ghafla kwa sababu silinda imegoma, kisha unaandika na namba yake: P0301 ni silinda ya kwanza, P0303 ya tatu. Corolla yangu ilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na kompyuta yake haikufundishwa kuhesabu misi. Ndiyo maana mtu anayekuja na kile kifaa cha kuchomeka na simu akakwambia "gari halina kosa lolote" anaweza kuwa mkweli na bado asiwe amekusaidia.

Kesho yake jioni nikaanza kutafuta silinda yenyewe. Njia ya gereji zote ni kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inawaka. Ukichomoa wa silinda nzima, injini inashuka sauti na kutikisika zaidi. Ukichomoa wa silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Njia ni nzuri, ila mimi siifanyi tena. Umeme wa plagi unafika volti elfu ishirini na kupita, ulishanipiga mara moja mkono ukaruka na kugonga boneti, nikakaa na nundu wiki nzima. Pia petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, halafu inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi. (Kama masega yako bado yapo. Mengi Dar yalishauzwa.) Kwa hiyo nachomoa soketi ya nozeli badala ya waya. Silinda inakosa mafuta, haiwaki, na hakuna anayepigwa shoti. Kwenye injini hii nozeli ziko upande wa nyuma, mkono unaingia kwa kubembeleza, na inafaa injini isiwe imeshachemka.

Ya kwanza: injini ikashuka, karibu izime. Nikarudisha. Ya pili: hivyohivyo. Ya tatu: kimya. Nilichomoa, nikarudisha, nikachomoa tena, injini haikushtuka hata kidogo. Ya nne ikashuka vizuri. Basi mgomaji ni namba tatu, kuhesabu kutoka upande wa mikanda.

Hapo ndipo watu wengi, na mimi zamani nikiwemo, wanakimbilia Kariakoo. Lakini kujua ni silinda ya tatu ni kujua nyumba tu, bado hujajua mgonjwa ni nani humo ndani. Inaweza kuwa plagi, waya, nozeli, tundu la tatu kwenye kofia ya distributa, au silinda yenyewe imechoka, pete za pistoni au valvu. Koili nilishaitoa kwa hoja ileile ya pampu. Rota, kile kinachozunguka ndani ya distributa, nayo inawapitia wote wanne. Dawa ya swali hili ni kuhamisha: chukua kitu kimoja, kimoja tu, kutoka kwa mgonjwa, kibadilishane na cha mzima, kisha uone ugonjwa umehama au umebaki. Ukihamisha viwili kwa mara moja umejidanganya mwenyewe.

Nikaacha injini ipoe. Hedi, kile kichwa cha injini plagi zinamofungwa, ni ya alumini, na kufungua plagi ikiwa ya moto ni kutafuta kuharibu nyuzi zake. Nikaweka alama za gundi ya karatasi kwenye nyaya, 1 hadi 4, maana zamu ya kuwaka ni 1-3-4-2 na ukichanganya nyaya gari litakupigia mizinga kupitia kifuko cha filta ya hewa. Nikazitoa plagi zote nne nikazipanga kwenye trei ya mayai. Tatu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye ncha, ndivyo plagi yenye afya inavyokuwa. Ya tatu ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Waya wake nao ulitoka na uteute wa oili kwenye mpira. Nikaufuta kwa kitambaa. Kumbukeni hicho kitambaa.

Nikapima nafasi ya ncha, zote zilikuwa kwenye 1.1 milimita, ndiyo ile 11 inayomalizia namba ya plagi, K16R-U11. Nikaipeleka plagi ya tatu kwenye silinda ya pili, na ya pili nikaileta kwa tatu. Nikawasha. Kwikwi ileile. Nikachomoa soketi za nozeli tena: mgomaji bado namba tatu. Plagi haina kosa, nikasema, kwa sauti ya hakimu.

Nikaenda kwenye nyaya na mita ya umeme. Toyota wanaruhusu hadi kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Zangu zilisoma kati ya sita na kumi na moja, na wa tatu ulisoma saba. Safi kabisa. Nikasubiri giza, nikazima taa ya barazani, nikawasha injini na kunyunyiza maji kwa chupa ya kupigia pasi, ukungu mwembamba juu ya nyaya na distributa. Kama mpira umepasuka, unaona vicheche vya bluu vinacheza. Mke wangu alitoka akasimama mlangoni akiangalia mumewe anavyopiga pasi injini gizani. Hatukuona hata nyota.

Nililala na hilo swali. Asubuhi, kabla ya kazi, kwa ubishi tu, nikahamisha waya ambao mita ilikuwa imeshauita mzima. Waya wa tatu nikauvalisha tundu la pili la distributa hadi plagi ya pili, na wa pili ukaenda kwa tatu; urefu ulitosha kwa kulazimisha kidogo. Nikawasha. Silinda ya tatu inapiga kazi kama kawaida. Ya pili imekufa.

Ugonjwa umehama na waya. Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaitikia.

Na mita? Mita haikukosea, mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake. Inasukuma umeme wa kibetri cha volti tisa katikati ya waya na kukwambia njia iko wazi. Haikwambii kama ukuta wa njia unavuja. Plagi inapokea volti maelfu, na umeme mkubwa namna hiyo ukikuta mpira uliolainika unaona ni rahisi kupenya pembeni na kuingia kwenye chuma cha hedi kuliko kuruka ile milimita moja na kitu ndani ya silinda. Kadiri unavyokanyaga mafuta, presha ndani ya silinda inaongezeka, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Ndiyo sababu gari lilikuwa linaumwa zaidi Kimara kuliko tambarare. Na uvujaji ulikuwa chini kabisa, ndani ya kile kishimo kirefu plagi inamokaa, mahali ambapo macho yangu ya usiku yasingefika. Kwa silinda yenyewe sikuhitaji hata kuazima geji ya kompresheni. Ilishafutiwa mashtaka. Ingekuwa ugonjwa umebaki kwa tatu baada ya kuhamisha kila kitu, hapo ningepima, kisha ningetia kijiko cha oili ndani na kupima tena: presha ikipanda, pete zimekwisha, isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Kariakoo muuzaji aliniuliza, "Unataka orijino au ya kawaida?" Nikauliza tofauti. Akasema orijino ni orijino. Nikachukua seti ya bei ya juu. "Na plagi je?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba plagi nilishazichunguza, ni nzima. Nilipofika nyumbani nikafunga nyaya nne mpya, gari likatulia kama limepewa uji.

Likatulia siku kumi na sita.

Siku ya kumi na saba mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi kwikwi ikawa imerudi. Nikachomoa soketi za nozeli nikiwa nimekunja uso. Silinda ya tatu nzima. Mgomaji sasa ni namba mbili. Nilikaa kwenye ndoo nikaliangalia lile gari kwa muda.

Jirani yetu wa nyumba ya kona ni mzee aliyeendesha malori ya mizigo miaka mingi kwenye njia ya Zambia. Alikuwa anapita kwenda kununua maziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado inakusumbua?"

Nikamsimulia yote, nikiwa na matumaini kidogo kwamba atasema nimefanya vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Malori aliyoendesha ni ya dizeli, hayana plagi za cheche wala distributa, na hilo alilisema mwenyewe kabla sijamkumbusha. Kisha akasema, "Nipe hiyo plagi ya pili niione." Nikampa huku nikimwonyesha ncha: nyeusi kidogo, lakini si mbaya. Yeye hakuangalia ncha. Aliigeuza, akaishika sehemu ya juu, ile ya kauri nyeupe inayoingia kwenye mpira wa waya, akaielekeza kwenye jua.

"Huu mstari umeuchora wewe?"

Kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama wa penseli iliyochongwa, umeshuka kutoka kwenye kichwa cha plagi mpaka kwenye chuma. Siyo uchafu, haukufutika kwa ukucha. Ni njia ambayo umeme ulijichoma wenyewe, kaboni tupu, na kaboni inapitisha umeme. Nikavua mpira wa waya mpya wa pili, nikautazama ndani kwa tochi ya simu. Mstari wa pacha wake ulikuwa umeshaanza.

Ikabidi nirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua. Plagi hii ndiyo iliyokuwa ya silinda ya tatu. Ilikuwa imeshachomwa pamoja na waya wa zamani, mmoja ukimwambukiza mwenzake. Mimi niliihamishia kwa pili, nikaiacha hukohuko, nikaivalisha waya mpya wa bei ya juu, nayo ikaanza kuufundisha tabia. Siku kumi na sita zilitosha. Kwenye trei ya mayai nilikuwa nimeziangalia zote nne kwa makini sana, upande mmoja tu.

"Na oili imetoka wapi?" mzee akauliza, kidole chake kikiwa ndani ya kishimo cha tatu. Kilitoka kinang'aa.

Lile swali nililolifuta kwa kitambaa wiki tatu kabla. Kwenye injini hizi vishimo vya plagi vinapita katikati ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, na kila kimoja kina sili yake ya mpira ya kuzuia oili ya juu isiingie. Sili zikikauka na kuwa ngumu kama biskuti, oili inatiririka taratibu na kujikusanya chini, na mpira wa waya unakaa umeloweshwa mpaka unalainika. Maji ya presha ya yule kijana yalimalizia tu kazi ambayo oili ilikuwa imeifanya kwa miezi, labda miaka. Hata ningeoshewa injini kwa kikombe ingefika siku.

Safari hii nilinunua plagi nne, sili nne za vishimo na gasketi ya tapeti kava, na waya mmoja wa kuziba pengo la ule ulioanza kuchomeka. Muuzaji hakukubali kuvunja seti, kwa hiyo nina nyaya tatu mpya kabatini, kama kuna mtu anazihitaji. Nilifyonza oili ya vishimoni kwa bomba la sindano, nikakausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, nikafungua kava, nikang'oa zile sili. Mbili zilivunjika mkononi. Nikapaka grisi ya silikoni kidogo ndani ya kila mpira wa waya kabla ya kuuvalisha. Mzee alikaa kwenye ile ndoo yangu muda wote, maziwa yake pembeni, akinisimulia jinsi mlima Kitonga ulivyokuwa zamani, na mara mbili alinizuia nisikaze nati za kava kwa nguvu za hasira. Kava la namna hiyo hukazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, vinginevyo linakaa upande na kuvuja upya.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Masika yamepita na gari halijakata pumzi tena, hata Kimara. Kijana wa kuosha akiniuliza kuhusu injini namwambia apitishe kitambaa.

Kuna mtetemo mdogo umebaki, ikiwa sailensi na AC imewashwa. Mke wangu ameshausikia. Hiyo si misi, nimehesabu, zote nne zinawaka. Ni sapoti ya injini ya upande wa kulia, mpira wake umechanika, nimeuona kwa macho yangu. Bei nimeshaulizia. Nasubiri mwisho wa mwezi.